Maswali na Majibu: Kisima chetu kimeingia munyu

SWALI: Ndugu Mhariri, assalamu alaykum. Naandika kutoka kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja. Kisima chetu alikichimba babu yangu katika mawe ya uwandani, na kwa miaka mingi tukiteka kwa ndoo na kamba, maji yakiwa matamu hata wakati wa kiangazi. Miaka sita iliyopita tulitia pampu ya umeme, na nyumba ya wageni iliyo jirani nayo ikachimba kisima chake. Sasa kila ufikapo Januari maji yanaingia munyu, na siku za bamvua, bahari inapojaa sana, ndipo huzidi. Fundi ametushauri tuchimbe mita 10 zaidi, akisema chini ndiko yaliko maji mazuri. Je, tumlipe?
*Msomaji, Mkoa wa Kusini Unguja*

JIBU: Waalaykumu salaam. Tunakuomba usimlipe, kwa sababu katika ardhi ya kwenu kuzidi kwenda chini ni kuifuata bahari.

Mwamba wa uwandani ni mawe ya matumbawe yenye matundu mengi. Mvua ya masika na ya vuli haikai juu yake, bali huzama mara moja, na ndiyo maana upande wa mashariki hauna mito. Maji hayo yakifika chini hukutana na maji ya bahari yaliyopenya mwambani kutoka ufukweni, na kwa kuwa lita 1 ya maji ya bahari ina uzito wa takriban gramu 1,025 wakati lita ya maji ya mvua ina gramu 1,000, yale ya mvua huelea juu ya yale ya chumvi. Kwa hesabu ya uzito huo, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari husimama juu ya mita 40 hivi za maji matamu zilizo chini ya usawa huo. Mjerumani Herzberg alilieleza jambo hili mwaka 1901, baada ya kuchunguza visima vya kisiwa cha Norderney.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza msiba wenu. Uso wa maji ukishushwa nusu mita tu na ukaachwa hapo muda mrefu, mpaka wa maji ya chumvi unaweza kupanda hadi mita 20. Ndoo ya babu yako ilichota kidogo, kisima kikapata nafasi ya kujaa tena. Pampu huvuta kwa nguvu mahali pamoja, na chini yake maji ya bahari huinuka kama kichuguu. Wala haihitajiki chumvi nyingi: kwa kuwa maji ya bahari yana karibu gramu 19 za kloraidi kwa lita, sehemu 2 katika 100 zikichanganyika na maji ya kisima zinatosha kuvuka miligramu 250, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema watu huanza kuonja chumvi. Kuzidi kwa munyu siku za bamvua ni dalili kwamba kisima chenu kinapumua pamoja na bahari.

Basi fanyeni kinyume cha alivyoshauri fundi. Pandisheni mdomo wa pampu ukae karibu na uso wa maji, wekeni pampu ndogo zaidi, na mjaze tangi polepole kwa saa nyingi badala ya kuvuta yote asubuhi moja. Maji ya paa yakingeni: bati la mita 60 za mraba likinyeshewa milimita 10 hupokea lita 600, nazo ni lita ambazo hamtazidai ardhini. Chumvi iliyokwisha kuingia haitoki kwa wiki moja. Huenda ikachukua misimu kadhaa ya mvua.

Hata hivyo, juhudi zenu peke yenu hazitatosha, kwa maana wewe na jirani yako mnachota katika chombo kimoja. Tunaona ni haki nyumba ya wageni, ambayo hupata fedha kwa maji hayo, igharimie kipimo cha chumvi cha visima vyote viwili kila mwezi. Mpelekeeni Sheha shauri hili kwa pamoja, na muulizie kwa Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA) kuhusu kibali cha kisima kile na kiasi cha maji kinachoruhusiwa kuvutwa. Tunalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa kisima kilicholisha vizazi vitatu kinaweza kuharibika katika kiangazi kimoja.

SWALI: Je, maji ya kisima yenye chumvi yakichemshwa chumvi hupungua?
*Msomaji, Kigamboni*

JIBU: Hapana, huzidi. Maji hupaa kwa mvuke na chumvi hubaki sufuriani, hivyo kadiri unavyochemsha ndivyo yanavyokuwa makali. Kuchemsha kunaua vijidudu tu, na dawa ya klorini vilevile. Mwenye shinikizo la damu nyumbani apewe maji mengine ya kunywa, na yale ya kisima yaachiwe kufulia na kudekia.