Nyonga ya bandia kwa mwenye chuma cha zamani pajani: yaliyonikuta

Pole sana kwa mama, mkuu. Umeuliza kama chuma alichowekewa pajani zamani lazima kitoke ndipo abadilishwe nyonga, na kwa nini daktari hapangi tarehe. Njia hiyo nimeipita.

Mwaka 2011 lori lilitupindukia kwenye mteremko wa Inyala, Mbeya. Nikavunjika juu ya paja, nikawekewa pleti (bamba la chuma) na skrubu, moja nene imeingia hadi kwenye kichwa cha nyonga. Nikarudi kulima viazi Isyonje. Miaka tisa baadaye nyonga ikaanza kusaga. Kupanda daladala lazima niunyanyue mguu kwa mikono.

Swali la kwanza la daktari: chuma hiki ni cha aina gani? Sikujua. Waliponiruhusu mara ya kwanza, karatasi iliandikwa "amewekewa chuma", basi. Linaniuma hadi leo, maana kila chuma kina bisibisi yake, na isipokuwepo mezani mgonjwa ameshapasuliwa ni hatari.

Kisha wakatafuta maambukizi. Wadudu hujificha kwenye chuma miaka mingi bila homa wala usaha. Nilipimwa damu, nikavutwa maji ya nyonga kwa sindano. Wangekutwa, chuma kingetoka kwanza, nitibiwe, nyonga ije baadaye. Sikuwa nao, kwa hiyo yote yalifanyika siku moja.

Skrubu moja ilikuwa imemezwa na mfupa, kichwa kimelika kama cha skrubu ya bawaba ya mlango mkuukuu. Ilibidi ichimbwe. Nilionyeshwa baadaye kwenye kikopo, vipande vya mfupa bado vimeng'ang'ania kwenye nyuzi zake. Na tundu linaloachwa na skrubu ni udhaifu, mfupa unaweza kupasuka hapohapo. Ndiyo maana niliwekewa nyonga yenye shina refu, yaani ile fimbo ya chuma inayozama ndani ya mfupa wa paja, linalopita tundu la mwisho kwa kama mara mbili ya unene wa mfupa.

Ila si lazima kila chuma kitoke chote. Kipande kilicho chini karibu na goti, kisichozuia shina, huweza kuachwa.

Andaeni ndugu wa kuchangia damu; upasuaji huu ni mrefu kuliko wa nyonga ambayo haijawahi kuguswa, na damu hupotea zaidi. Choo cha kuchuchumaa asahau kwa muda. Mimi fundi seremala wa Uyole alinitengenezea kiti chenye tundu, kirefu kupita magoti.

Leo jioni fungueni sanduku la mama. Tafuteni eksirei ya kwanza kabisa na karatasi yoyote ya upasuaji ule, hata iliyochanika, mumpelekee daktari.