Jibu: Kaboni ya mwilini ilitoka wapi?
Mkuu, umeuliza: kama Mlipuko Mkuu, ule ulioanzisha ulimwengu, ulizaa haidrojeni na heliamu tu (ongeza na lithiamu kidogo), kaboni tuliyonayo mwilini ilitoka wapi? Ilipikwa ndani ya nyota.

Na haikupikika kirahisi. Viini viwili vya atomi za heliamu vikiungana vinatoa kiini cha beriliamu-8, ambayo haidumu hata kufumba na kufumbua. Ili kaboni ipatikane, kiini cha tatu cha heliamu lazima kiwahi kuungana nayo kabla haijavunjika. Kwa hesabu za kawaida, kaboni ingekuwa adimu mno. Mwanaastronomia Mwingereza Fred Hoyle akasema basi kiini cha kaboni lazima kiwe na kiwango maalumu cha nishati kinachorahisisha muungano huo. Mwaka 1953 wanafizikia wa Caltech, chuo kikuu cha California, Marekani, wakapima, wakakikuta. Kwangu mimi huo ni utabiri mtamu kuliko wote katika elimu ya nyota.

Baada ya kaboni, nyota kubwa hupika oksijeni, silikoni, mpaka chuma. Chuma kikiunganishwa hakitoi nishati, kwa hiyo kitovu cha nyota kubwa kinaporomoka, nyota inalipuka na kumwaga vitu vyake kwenye gesi ya galaksi. Nyota zinazofuata zinaumbwa humo. Ndiyo maana Jua letu lina chuma ambacho halikukitengeneza lenyewe.

Kuhusu uhai, usidhani kemia yake ilisubiri Dunia. Kimondo cha Murchison, kilichoanguka Australia mwaka 1969, kilikutwa na asidi za amino (matofali ya kujengea protini) kibao, nyingine hazimo kabisa kwenye protini za viumbe. Kutoka hapo hadi seli ya kwanza, wataalamu bado wanabishana: wengine wanasema RNA (molekuli inayobeba taarifa za urithi) ilitangulia, wengine umetaboli, yaani mtiririko wa mabadiliko ya kikemia yanayoupa uhai nishati.