Sentensi Hii Inataka Nini Kwangu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tumepewa kifungu tutaje mbinu za ushawishi alizotumia mwandishi. Nimekisoma mara tatu, nimeona takriri peke yake, maana neno "simu" limerudiwa. Kifungu ni hiki: "Kila mzazi anayempenda mwanawe anajua kwamba simu inaua usomaji. Nimefundisha miaka 20 na nimeyaona kwa macho yangu. Je, tukae tukitazama? Ama tuzifungie simu kabatini, ama tukizike kizazi kizima." Nisaidie.

JIBU: Marahaba. Chukua penseli, ufute sentensi moja moja. Kila ukifuta, jiulize: dai limepungukiwa na ushahidi, au ni mimi niliyepoa? Ukipoa wewe huku dai limebaki vilevile, mbinu umeikamata.

Sentensi ya kwanza ndiyo kali kuliko zote, nayo imekupita. Maneno "anayempenda mwanawe" hayahusu simu hata kidogo. Yamewekwa kukuziba mdomo kabla hujaufungua, kwa kuwa ukipinga umejitoa mwenyewe katika kundi la wazazi wenye mapenzi. Halafu tazama "anajua". Mwandishi hakusema "anadhani" wala "anahofia". Jambo linalosubiri kuthibitishwa amelipitisha kama lililokwisha kuthibitishwa. Kabla ya kushika chaki niliwahi kuandika matangazo ya biashara, na bosi wangu alikuwa akilikata neno langu "nunua" kwa kalamu nyekundu, juu yake anaandika "jipatie". Bidhaa ileile, bei ileile. Tangu siku hizo mimi huanza na vitenzi.

Ile miaka 20 ina jina la kale. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita alitaja njia tatu za kushawishi kwa maneno: haiba ya msemaji, hisia za msikilizaji, na hoja yenyewe. Hapa ni haiba. Usiiandike kana kwamba ni hila, uzoefu una uzito wake. Ila pima unathibitisha nini: kwamba ameona wanafunzi wengi, si kwamba simu ndiyo chanzo.

Swali la balagha, yaani swali lisilosubiri jibu, liko wazi katika "Je, tukae tukitazama?": jibu lake limo ndani yake. Usiipite ile "tu-" ya "tukae", imekuingiza kundini bila kukuuliza. "Ama… ama" nayo imefuta njia zote za katikati, kama vile kuruhusu simu kwa saa maalumu. Na "inaua" imeitwa mwanzoni ili "tukizike" ipate kazi mwishoni: kwanza kifo, kisha mazishi. Hapo nakiri, huyu ni fundi.

Unapoandika jibu, usiishie kusema "ametumia swali la balagha". Nukuu maneno yenyewe, kisha eleza yanamfanyia nini msomaji. Taja pia kilichokosekana. Ukiondoa haiba na hisia, njia ya tatu ya Aristotle haina kitu: hakuna takwimu, hakuna hata mwanafunzi mmoja aliyeelezwa alisoma vipi kabla ya simu na baada yake.

Na ile takriri yako, ifute. "Simu" imetajwa mara mbili kwa sababu ndiyo inayozungumzwa.