Nilipoacha Kumuuzia Kila Mtu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Nianze na bidhaa ya watu wote au ya kundi dogo?" Nilicheka peke yangu. Jibu la swali hilo lilikula akiba yangu yote.

Nilianza na mikoba. Ukiniuliza namshonea nani, nakujibu kifua mbele: kila mtu! Mikoba mia mbili, mtindo mmoja, rangi nne. Sikujua kwamba kwenye soko la wengi anayetamba ni yule anayeshona maelfu. Majora anayanunua kwa bei ambayo wewe huipati hata kwa dawa, na faida kiduchu kwa kila mkoba inamtosha. Mimi faida hiyo haikulipa hata umeme wa cherehani. Nikapeleka sampuli kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla. Hata zipu hakuifungua. Aliusukuma mkoba wangu mezani kwa kidole kimoja: "Ghali." Kile kidole nakiona mpaka leo.

Aliyeniokoa alikuja kulalamika. Mpiga picha. Akafungua mkoba mbele yangu: kamera hii hapa, na lenzi kaichomeka ndani ya soksi ili visigongane. Soksi! Usiku ule nilikata sponji, nikashona vigawanyo vya kubandika na kubandua, nikaweka zipu ubavuni ili achomoe kamera mkoba ukiwa bado begani. Alilipa mara mbili ya bei ya mwanzo, wala hakuomba kupunguziwa. Wiki mbili baadaye wakaja wenzake watatu. Tangazo sikulipia hata moja.

Sasa nisikilizeni. Chagua kundi lako, lijue, acha kutapatapa! Hata wakubwa walianzia pembeni. Amazon ilipoanza kuuza mwaka 1995 ilikuwa na vitabu tu. Facebook, mwaka 2004, ilianza na wanafunzi wa Harvard peke yao. Wewe na cherehani yako moja unataka dunia nzima ya nini?

Sisemi kundi dogo ni pepo. Mkoba imara haununuliwi kila mwaka, na mwaka wa pili mauzo yalisimama kabisa. Nikaongeza vifuko vya betri na mikanda kwa wateja wale wale ndipo nikapumua. Tena kuna vitu vya wengi tu. Kiberiti cha wachache utamuuzia nani? Huko ingia ukiwa na mtaji wa kuvumilia faida ndogo muda mrefu, la sivyo utazikwa na stoo yako.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniandikia, kabla hujanunua hata jora moja, nitajie mtu mmoja unayemjua ambaye sasa hivi anahangaika na soksi yake.

Halafu juzi yule wa "ghali" kanitumia ujumbe, anaulizia mikoba ya kamera kwa bei ya jumla. Nimeusoma, na ameona kwamba nimeusoma. Sijamjibu.