Shakwe wa kipupwe?

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii, mkazi wa Dodoma. Natafsiri taarifa kuhusu shakwe aliyeonwa mwezi Januari katika hifadhi moja ya mlimani huko Ulaya. Nimeandika: "Tukio la shakwe wa kipupwe katika hifadhi ya mlimani." Mwenzangu ameicheka sentensi hiyo. Nimekosea wapi?

JIBU: Neno "shakwe" umelitumia vyema, na halibadiliki katika wingi: shakwe huyu, shakwe hawa. Linalokwaza kwanza ni "tukio", kwa kuwa tukio ni jambo linalozuka, kama ajali au wizi, ilhali ndege hatukii, bali huonekana. Andika "kuonekana kwa shakwe" ikiwa alipita tu, na "kuwapo kwa shakwe" ikiwa alikaa siku kadhaa. (Wengi siku hizi huandika "kuwepo"; mimi bado nashikilia "kuwapo".) "Kupatikana" ningeliacha, maana hunikumbusha sukari dukani.

Kosa zito zaidi ni "kipupwe". Hiyo ni baridi yetu ya Juni hadi Agosti, wakati mashamba yameshavunwa na upepo mkavu unawalazimisha watu wa Dodoma kutoka asubuhi na masweta. Januari kwetu ni mvua na palizi. Msomaji wa Kondoa akikuta "kipupwe" atahesabu miezi yake mwenyewe, na ndege wako atakuwa amehamishwa hadi katikati ya mwaka bila wewe kukusudia. Kwa baridi ya Ulaya tumezoea kusema "majira ya baridi", na hapo hapana haja ya kutafuta neno jingine.

Lakini angalia pia unazungumza ukiwa upande gani, Ulaya au huku kwetu. Wako shakwe wenye mgongo mweusi ambao huzaliana kaskazini mwa Ulaya, kisha baadhi yao hushuka hadi kwenye maziwa ya Afrika Mashariki. Anayebaki Ulaya tunaweza kusema anakaa huko majira ya baridi. Aliyefika huku hakai majira ya baridi yoyote, kwa sababu anakuta joto, na kwa hiyo yafaa tuseme amekimbia baridi. Kitenzi kimoja cha Kiingereza, "to winter", huwafunika wote wawili, nasi hatulazimiki kukifuata.

Ningeiandika hivi: "Kuonekana kwa shakwe wa majira ya baridi katika hifadhi ya mlimani, Januari."