Shairi la mashamba lina hesabu yake

Msomaji wa Muheza ametuma beti tano na swali: mizani, yaani idadi ya silabi, imetimia, mbona shairi limepoa? Mshororo wake wa kwanza tunaujua sote: "Milima ya Usambara, yapendeza kutazama." Ukwapi, nusu ya kwanza, mizani 8; utao, nusu ya pili, 8. Sawa kabisa. Lakini mlima gani haupendezi kutazama? Weka kando yake huu: "Ukungu wa Usambara, hadi saa nne upo." Hesabu ni ile ile, ila sasa pana saa, pana baridi, na mtu wa Lushoto anajua unasema nini.

Ukiandikia mkonge, sogea karibu na korona, mashine ya kukamulia mkonge, unuse mabaki ya majani yaliyokwisha kukamuliwa. Kisha tafuta mkonge uliotoa mlingoti. Huchanua mara moja tu katika uhai wake, halafu hufa. Hapo una beti mbili bila jasho, na wenzetu bado wanaandika "kijani kibichi".

Vina ndivyo vinavyoangusha wengi. Shairi la mtiririko, lenye vina vile vile mwanzo hadi mwisho, la beti tano za mishororo minne zenye kibwagizo kinachorudiwa, linadai maneno 16 ya kina cha kati na 16 ya kina cha mwisho. Yaorodheshe kabla ya kutunga. Kina cha -po kina upepo, kiapo, malipo, popo. Endelea hadi ujue kama utafika. Orodha ya -ra ikikauka kwenye ubeti wa tatu, utachomeka "ishara" isiyoashiria kitu. Afadhali uhamie ukara: shikilia vina vya mwisho, vya kati vibadilike kila ubeti. Si aibu hata kidogo.

Mizani ihesabu kwa mdomo, usiihesabu kwa jicho. Mkonge ni 3, mbegu ni 2. Mbuni wa kahawa ni 3 kwa kuwa m- inasimama peke yake; mbuni ndege ni 2. Ukikosea hapo, mghani atajikwaa mbele ya watu na lawama utabeba wewe.

Na hili la "sina muda, kazi zimenibana" tuliache. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha, na bado alitunga.

Ubeti wa mwisho usiufuje kwa "kaditama nimefika". Hizo ni mizani 8 ambazo zingetosha kumwingiza mkata mkonge na panga lake.