Maswali Yenu: Mimba ya Wiki Tisa na Moyo Mgonjwa

SWALI: Mke wangu ana ugonjwa wa moyo na sasa ana mimba ya wiki tisa. Daktari ametueleza kwamba kuibeba hadi mwisho kunaweza kumuua. Mama yangu anasema kuitoa ni kuua mtu. Rafiki yangu ananiambia hilo bado ni pande la damu, nisijisumbue. Nimsikilize nani? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu, poleni kwa mtihani huu. Nianze na rafiki yako, kwa sababu faraja yake ni rahisi mno. Kijusi cha wiki tisa kina ukubwa wa zabibu na moyo wake unadunda, na kwenye picha ya ultrasaundi utaona kichwa na vijimkono vinavyochomoza. Fikihi yetu ya Kishafi, yaani sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Imamu Shafi, nayo haikukipuuza: kijusi kilichokwisha kupata umbo la mwanadamu kikitoka kimekufa kwa sababu mama amepigwa, hulipwa ghurra, yaani fidia ya kijusi, ambayo thamani yake ni ngamia watano. Kitu kisicho na hadhi hakilipiwi fidia.

Hata hivyo, diya kamili ya mwanamume, yaani fidia ya kumuua, ni ngamia mia moja, wala si watano, na hapo ndipo ninapotofautiana na mama yako. Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 1111, aliona kwamba kosa la kuharibu mimba huzidi uzito kadiri mimba inavyopanda daraja, tangu tone la manii hadi kupuliziwa roho, jambo ambalo wanazuoni wengi huliweka kwenye siku ya 120. Kwa hiyo kuitoa bila sababu ni kosa tangu mwanzo, ila halilingani na kumuua mtu aliyekwisha kuzaliwa, kama alivyo mkeo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imepita njia inayokaribiana na hiyo, ingawa watu hunukuu nusu yake tu. Kifungu cha 26 kinasema uhai huanza mimba inapotungwa, kisha kifungu hicho hicho kinaruhusu mimba itolewe ikiwa, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyehitimu, mama anahitaji matibabu ya dharura, au uhai wake au afya yake imo hatarini. Kukiri uhai wa kijusi hakukuwafanya waliokiandika wamlazimishe mama afe.

Kwa maoni yangu, basi, mkeo ana udhuru, mradi hatari hiyo ithibitishwe. Mwombeni daktari aandike maoni yake, na mkiweza mwoneni bingwa wa moyo mapema, maana kila wiki inayopita huongeza mzigo juu ya moyo na uzito wa uamuzi wenyewe. Mama mwelezeni kwa upole. Woga wake una msingi.

Jambo moja limenisumbua. Katika barua yako nimemsikia daktari, mama, rafiki na wewe mwenyewe, lakini mkeo, ambaye moyo ni wake, simsikii popote. Je, umemuuliza?